Jina ya Yaya kwa Nyumba ya Panda

Mujukuu wangu Mireille,

Jambo sana kule Kinshasa. Unakula muzuri? Huku Likasi tuko. Mujomba yako Didier alikuwa na malaria, sasa amepona, anakusalimia.

Unaniuliza kama uandike nyumba yako ya kupangisha kwa jina ya Didier, aitunzie batoto yako, na taxe ya serikali ikuwe kidogo. Mama, ngoja kwanza. Baba yangu alifanya vile vile.

Alijenga nyumba ya kupangisha kule mutaa ya Panda, akaiandika kwa jina ya yaya Kabwe, mukubwa wetu, kwa sababu alikuwa mufanyakazi wa serikali na bantu ya taxe hawakumusumbua. Akatuita bote kula bukari, ugali yetu, akasema: «Jina njo ya Kabwe, nyumba ni ya batoto bote.»

Yaya akacheka: «Baba, miye sentineli tu, mulinzi ya nyumba, basi munilipe!»

Na kweli, kila mwezi alitugawia loyer, pesa ya bapangaji, bila kusahau muntu.

Kisha yaya akakufa. Tukaenda kwa muke wake. Akalia: «Bashemeji, hakuniambia hata siku moja. Karatasi inasema nyumba ni ya baba ya batoto yangu.»

Hakudanganya. Kwa desturi yetu, muke wa mutoto hakai kula na baba-mukwe. Siku ile baba alisema, yeye alikuwa kwa jikoni, anatupikia bukari. Nyumba ikapotea vile, na sisi na yeye hatusalimiane tena mupaka leo.

Didier ni muntu muzuri, mujukuu wangu. Lakini notaire aandike kwa karatasi ya sheria: Didier anatunza tu, na majina ya batoto yako bote. Na siku ile, tafazali, umuite muke wa Didier atoke kwa jikoni, akae karibu yako.

Kambo yako, bibi yako anayekuwaza,
Mama Odette