Mashine ya Baba Haivumi Tena

Isingiro, Kyerwa,
Kagera.
16 Juni 2024

Mpendwa kaka Mujuni,

Shikamoo kaka. Habari za Newala? Shemeji Benadeta hajambo? Na wanangu je, bado wanajua japo salamu ya Kinyambo, au Kimakonde kimeshawameza? Sisi huku ni wazima. Mguu wa mama umepoa, anatembea mwenyewe hadi kanisani, na akifika anasalimia watu mpaka padri anachoka kumngoja. Kahawa imeiva vizuri. Uwanja mzima umeanikwa, kuku hawana pa kukanyaga.

Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu nikigusia tu sherehe ya Avelina, ghafla mtandao wako unakatika. Karatasi haikatiki, kwa hiyo kaa usome.

Mdogo wetu tunamtoa mwishoni mwa Julai. Desturi yetu ya kuhingira unaijua: bibi harusi havuki mlango mpaka mwenye nyumba aseme neno la kumtoa. Baba hayupo, na anayesimama mahali pake ni mtoto wa kwanza, ndiyo wewe, si mimi. Lakini umeshasema huji, eti baba alikufa hajakusamehe kwa kukikataa kibanja chake cha migomba na kwenda zako kusini. Avelina alilia, kaka. Kisha akafuta machozi, akaniambia kama wewe huji, basi angalau sauti ya enanga, ile ala ya nyuzi ya baba, imsindikize, kutoka kwenye ile kaseti aliyojirekodi mwaka wake wa mwisho.

Hapo ndipo nilipojitwisha mzigo. Redio kaseti ya mama spika yake imechanika, kila mwimbaji anatoka na sauti ya mbuzi. Nikasema nitaifufua ile mashine ya kukuzia sauti aliyokuwa akiiunda baba kwa taa za redio za kizamani, zile za kioo zinazowaka wekundu ndani. Unakumbuka ilivyokuwa ikivuma! Nyuki mzinga mzima, na enanga inasikika kwa mbali huko ndani. Jirani yetu Yusto akanishauri ninunue spika ya bluutuzi yaishe. Kazi aliyoianza baba imaliziwe na plastiki? Thubutu!

Ugonjwa wa mashine ulikuwa kwenye sehemu ya umeme. Zile taa hazitaki mchezo, zinataka volti zaidi ya mia tatu, tena umeme uliotulia, usioyumbayumba. Transfoma ilikuwa imeungua, nikaipeleka Murongo kwa fundi Byarugaba anayesuka mota, akaisuka upya. Umeme ukitoka kwenye transfoma unapita kwenye dayodi inayouelekeza upande mmoja, halafu lazima uchujwe ndipo utulie. Baba alichuja mara moja tu, kwa kapasita moja ambayo nayo ilishakauka. Nikajiuliza, mbona juisi ya ndizi tunaichuja mara mbili kabla haijawa pombe ya rubisi? Basi nikaweka kapasita, nikafuatisha koili nzito ya chuma, nikaweka na kapasita nyingine.

Jaribio la kwanza lilikuwa aibu. Kumbe taa zikiwa bado baridi hazinywi umeme, kwa hiyo volti zilipanda kuliko nilivyokisia, na kapasita ikapasuka pu! Kuku waliokuwa wakiinyatia kahawa walitawanyika, na shangazi Kokuberwa aliwaita Bikira Maria na mababu wote kwa pumzi moja. Nikatafuta kapasita za kubeba zaidi.

La pili ndilo lililonikosanisha na mama. Wazee wa upande wa bwana harusi walikuja kupanga mambo, na mama alikuwa ametandika nyasi mbichi sebuleni kama ada. Sheria yake unaijua, nyasi zikishatandikwa viatu vinabaki mlangoni. Mashine ilikuwa palepale sebuleni, haijafunikwa, imefungwa waya wa ethi unaokwenda kwenye nondo niliyoichimbia nje ya dirisha. Nikaizima, nikachomoa plagi, nikainama kuihamisha, miguu peku juu ya nyasi zenye umande. Kidole kikagusa kapasita. Kaka! Nilirushwa chali mbele ya wakwe. Kapasita hata ukizima hubaki na umeme wake, kama tenki ulilolifungia bomba na maji bado yamo. Nilikuwa nalijua hilo, ila haraka ya wageni ilinisahaulisha, na nyasi za mama zikaupa umeme njia ya kupita mwilini mwangu hadi ardhini.

Wazee walicheka mpaka mmoja akapaliwa na kahawa ya kutafuna. Mama hakucheka.

"Litoke," alisema. "Nyumba hii imeshazika mwanamume mmoja. Haina haraka ya kuzika wa pili."

Nikahamia ghala la kahawa na mashine yangu. Nikaweka rezista ya kuumwaga umeme unaobaki mara mashine inapozimwa, nikaifungia ndani ya sanduku la mbao za mkaratusi lenye kifuniko cha skrubu, mkono wa mtu usifike. Kabla ya kukifunga nilimwita mama. Nikawasha, nikazima, nikapima kwa mita mbele yake mpaka mshale ukalala.

Akauinamia. "Umelala kweli, au unajifanya?"

Nikagusa mwenyewe mbele yake. Ndipo akakubali.

Jana mchana tukaweka kaseti. Taa zikapata moto, nikasubiri mvumo, kimya. Nikadhani nimeua kitu. Halafu enanga ikaanza, na kaka, hata kucha za baba kwenye nyuzi unazisikia. Mama alikaa juu ya magunia, Avelina akamshika mkono.

Wimbo ulipoisha nikanyoosha mkono kuzima, maana siku zote baada ya wimbo tulikuwa tukisikia mvumo wa mashine tu. Mama akasema niache. Tukamsikia baba anakohoa, anaiweka enanga chini. Kisha anauliza, taratibu, kwa Kinyambo chake: "Mujuni amepiga simu?"

Sauti ya mama inajibu kwa mbali kwamba hujapiga.

"Akija," baba anasema, "asikute kiti chake kimekaliwa na mtu."

Mama alijifunika uso kwa kitenge. Anasema aliulizwa hivyo jioni nyingi, na akakatazwa kukwambia. Ubishi wa baba unaujua, umeurithi wote, mimi hukunibakizia. Nililia, sikufichi.

Mashine itampigia Avelina enanga siku hiyo, hilo nakuahidi. Lakini neno la kumtoa haina. Baba hakulirekodi, amekuachia wewe.

Nisalimie shemeji Benadeta, uwabusu wanangu. Shangazi Kokuberwa anakusalimu, ila anasema kwenye ile mashine hasogei. Avelina kagoma kukusalimu kwa barua, atakusalimu ukifika. Mama amesimama hapa mlangoni, anataka niandike kwamba kiti ameshakipangusa vumbi. Mungu akushike mkono njia nzima kutoka Newala mpaka uwanjani kwetu.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda hata ukinikatia simu,

Deodatus