Habari Niliyotaka Ingoje Jioni

Alhamisi, mwezi wa tatu, 2019. Doornfontein.

Mvua ya radi imepiga mchana na kupita, ikaacha baridi isiyo ya msimu. Umeme umerudi lakini sijawasha taa. Mwanga wa dirishani unanitosha kuandika, na sina hamu ya kuonekana na walio ng'ambo ya barabara.

Leo nimemdanganya mtu usoni, na kabla ya jioni alikuwa ameshajua.

Nianze na simu. Wanaopita kwenye blogu hii kusoma wanajua kwamba tangu niache kazi ninakaa kwenye meza ya umoja wetu wa kusaidiana katika misiba. Ni chumba kimoja chini ya jengo letu, kati ya karakana ya cherehani na duka la vipuri. Tuna chumba kingine katikati ya jiji, na cha tatu Randburg, walikojiunga nasi ndugu Wakenya. Kila chumba kilikuwa na simu yake ya mezani na laini yake, na hakuna aliyejua mwenzake amepokea nini. Wiki iliyopita fundi alikuja akaziunganisha zote katika mfumo mmoja unaopitia kwenye intaneti, kituo chake kikiwa Randburg. Namba zetu za zamani zimebaki zilezile. Hilo ndilo lililotushawishi. Watu wetu hapa hubadili namba za mkononi kila simu inaponyakuliwa mjini, lakini kule nyumbani, Uvira, Fizi na Bukavu, namba ya meza hii wameikariri.

Fundi alikuwa mtu wa maneno mengi na mikono myepesi. Aliichomoa simu yetu ya zamani, akaipima uzito kiganjani.

"Eish, baba, hii ungempiga nayo mwizi akalala hadi Pasaka."

Kisha akanieleza kwa subira. Simu haitapotea tena, alisema. Pakizimika hapa, italia Randburg au mjini. Yeyote aliyeko ataipokea na kumuunganisha mpigaji na mtu anayemtaka, popote alipo. Nikaitikia kwa kichwa. Nikamsomea namba za mkononi za wanachama, naye akaziingiza kwenye mfumo. Nilikuwa na furaha ya mzee aliyeulizwa jambo analolijua.

Jinsi tunavyofanya kazi hii sikumweleza yeye, wala Nyambura, binti wa Kikenya anayekaa kwenye meza ya Randburg. Nilidhani ni jambo linalojulikana, kama kuvua kofia mbele ya jeneza.

Tunafanya hivi. Habari ya kifo haitoki kwenye simu ikaingia moja kwa moja sikioni mwa mfiwa. Inafika kwenye meza hii. Anayeipokea anaishika, hamwambii mtu isipokuwa mwenzake mmoja au wawili. Mfiwa anangojwa amalize kazi, arudi kwake, avue viatu, atie kitu tumboni. Jirani anaandaliwa. Ndipo watu wazima wanapobisha hodi. Desturi hii tulitoka nayo nyumbani, na ugenini imekuwa ngumu zaidi kuiacha, maana hapa mtu anaweza kukutwa na kifo cha mamake akiwa kwenye foleni ya benki, kati ya watu wasiojua hata jina lake. Nimebisha milango mingi katika mji huu. Nilijiona mtu mwenye huruma.

Leo asubuhi simu mpya ililia, ikiwa na mlio wake mwembamba kama wa ndege wa plastiki. Alikuwa Amani, mdogo wake Mama Riziki, akipiga kutoka Uvira. Mama yao alikuwa amefariki usiku. Joto ni kali, chumba cha baridi hakuna, wangemzika leo mchana.

"Muko naye karibu, Muzee?"

"Yuko karibu."

"Mumwambie pole pole. Mimi nitapiga tena tukifika makaburini."

Mama Riziki ndiye fundi wa karakana ya jirani. Ukuta mmoja tu unatutenga. Wakati nduguye anazungumza kwenye sikio la kushoto, la kulia lilikuwa linasikia cherehani yake ikikimbia na kusimama, ikikimbia na kusimama.

Nilimpigia Papa Zakaria, mwenzangu katika kazi hii tangu mwanzo. Tukakubaliana tumwambie Mama Riziki jioni, nyumbani kwake, baada ya chakula. Kuhusu mazishi nilijiambia hivi: hata akijua sasa hivi hawezi kufika, basi tumwachie siku moja zaidi ya kuwa na mama.

Niliipenda sentensi hiyo. Mtu aliyesoma vitabu vingi yuko hatarini kila anapopata sentensi nzuri.

Haukupita muda mrefu, Mama Riziki akaingia na mfuko wake wa sokoni, anakwenda mjini kununua zipu na vitambaa vya bitana kwenye maduka ya jumla. Akaiinamia simu.

"Muzee, hii kitu yenu ni kama kalkuleta ya benki. Kuhesabu inajua. Kuongea je?"

"Inaongea kukuzidi wewe."

"Ah, hapo munadanganya!" Akacheka, akapiga meza kwa kiganja. Kisha akauliza, kama anavyouliza kila siku tangu mamake augue, "Nyumbani wamepiga?"

"Bado," nikasema.

"Bon. Wakinyamaza ni vizuri."

Akaenda.

Nimeandika mazungumzo hayo yote ili nisijifiche nyuma ya neno "desturi". Sikukaa kimya. Niliulizwa swali la wazi, nikatoa jibu la uongo, na sauti yangu haikutetemeka.

Mchana mgao wa umeme ukafika zamu yetu. Kioo cha simu kikazima. Ile ya zamani ilikuwa na nguvu zake ndani ya waya wenyewe, hata mtaa wote ukiwa giza yenyewe ililia. Hii mpya hulala pamoja na balbu. Nakiri kwamba nilishusha pumzi. Nilikuwa nimekaa pale nikijiandaa kumzuia Amani kwa maneno, na sasa sikuwa na haja. Nilidhani mlango umefungwa, na habari imebaki nje hadi jioni. Yale maelezo ya fundi, niliyoyaitikia kwa kichwa, hayakunijia hata kidogo.

Nikasogeza kiti mlangoni penye mwanga, nikafungua kitabu. Nilisoma vizuri kuliko siku nyingi.

Wakati mimi nasoma, simu ilikuwa inalia Randburg.

Nyambura alinipigia kwenye simu ya mkononi saa chache baadaye. "Mzee, kuna kitu nimefanya," alisema, na nikasikia kwamba amelia. "Nduguye Mama Riziki alipiga, akasema yuko makaburini, anataka dadake amuage mama kabla jeneza halijashushwa. Alikuwa ananiomba, Mzee. Nikaona namba mpya ya Mama Riziki iko kwenye mfumo, nikamuunganisha. Halafu nikampigia Papa Zakaria nimwambie, akanigombeza sana. Kwani nilikosea?"

Nikamwambia nitampigia tena.

Jioni tulikwenda, Papa Zakaria na mimi. Kwa mara ya kwanza tulipanda ngazi hatuna habari ya kupeleka. Chumba kilikuwa kimejaa, meza imeondolewa, magodoro chini, kina mama wameketi kuzunguka ukuta. Mama Riziki alikuwa katikati, kanga imefungwa kiunoni, macho makavu. Aliniona nikiinama kuvua viatu.

"Mulijua," alisema.

"Nilijua."

"Saa ile nawauliza, mulikuwa munajua."

"Ndiyo, Mama."

Papa Zakaria akaanza, kwa sauti yake ya msibani, "Mama, ni desturi yetu. Tulitaka kwanza..."

"Papa Zakaria, munyamaze kidogo. Niko naongea na huyu."

Kisha akanieleza, akinitazama mimi tu, jinsi ilivyokuwa. Alikuwa kwenye foleni ya teksi mjini, mifuko miguuni, mvua inaanza. Simu ikalia, sauti ya msichana asiyemjua ikamwambia, samahani mama, kuna nduguyo. Halafu Amani. Halafu kwaya ya kanisa la kwao, mbali, kama inaimba ndani ya mtungi. Alipiga kelele, watu wakamsogelea. Muuza mahindi akamshika mabegani akawa anamwambia maneno ya Kizulu ambayo hakuyaelewa, na hakumwachia. Madereva wakapiga honi. Akaziba sikio moja kwa kidole. Amani akaiweka simu juu ya mbao za jeneza, na yeye, palepale kwenye mvua, akazungumza na mamake. Hakutuambia alisema nini. Alisema tu kwamba alimaliza. Alimaliza yote aliyotaka kusema, kisha akasikia udongo.

"Mungeniambia asubuhi," alisema, "ningemusemesha nikiwa chumbani kwangu, nimekaa, na watu wangu. Mungenificha mpaka jioni, nisingemusemesha kabisa. Yule msichana wa Randburg simujui sura. Mumupelekee asante yangu."

Nikasema nitaipeleka.

"Na nyinyi, Muzee, musinibebee tena habari yangu. Ikija, munipe."

Hakusema kwa hasira. Laiti angesema kwa hasira. Mmoja wa kina mama akanisogezea kikombe cha chai, nikakinywa kwa sababu sikujua mikono yangu niiweke wapi.

Tukirudi, Papa Zakaria aliongea njia nzima. Simu hii imetuvunjia heshima, alisema. Jumamosi kamati ikikaa, tudai fundi aizuie meza ya Randburg kuunganisha simu zinazotoka nyumbani, na sisi tununue betri ili meza yetu isizimike. Nami najua kwamba yote hayo yanawezekana. Mfumo ule hauna ukaidi wowote. Ukiambiwa ufunge mlango utafunga, na kamati itatusikiliza, kwa kuwa sisi ni wazee na tumebisha hodi miaka mingi. Nikitaka, wiki ijayo kila kifo kitapita tena mikononi mwangu kwanza.

Sitataka.

Kabla ya kukaa kuandika nimempigia Nyambura. Nimempa asante ya Mama Riziki, nikamwambia hakukosea. Akauliza, "Sasa ikija nyingine nifanye nini, Mzee?" Ni swali la mtu anayekaa kwenye meza na anayetaka kufanya kazi yake sawasawa. Foleni ya teksi kwenye mvua si mahali pa kufiwa na mama, hilo bado naliamini. Lakini pia naliona sasa jambo ambalo sikulitazama kwa miaka yote hii. Tulipokuwa tunamngoja mtu avue viatu na kula, tulikuwa tunajingoja na sisi wenyewe. Jioni, tukiwa wawili au watatu, na jirani ameshaandaliwa, uso wa mfiwa ni rahisi zaidi kuutazama. Asubuhi ile ningelazimika kuutazama peke yangu, nikiwa nimekaa kwenye kiti, naye akiwa bado anacheka.

Nimebakiwa na dada mmoja, Bukavu, amenipita umri na anapumua kwa shida. Nimejiuliza: simu ya kifo chake ikija, nataka wanifanyie lipi? Nilitazamia kwamba nitasitasita. Jibu limekuja papo hapo. Nataka kujua dakika ileile, hata nikiwa barabarani, hata kama ni kwa sauti ya mtoto nisiyemjua.

Milango yote hiyo niliyobisha, na sikuwahi kumuuliza mtu hata mmoja anapenda aambiwe vipi.

Jumamosi nitaiomba kamati tumuulize kila mwanachama, watu wake wangali hai, na jibu lake likae mahali Nyambura anapoliona. Kazi ya kuuliza nitaifanya mwenyewe, mlango kwa mlango. Kwa Mama Riziki sitapita. Yeye ameshanijibu.