Ndeshi, Mawe Yako ya Kunolea Bado Ninayo

Mkwe wangu Ndeshi,

Jumatatu kaka yako alinipigia simu kutoka Moshi, akaniambia wameshakuzika, wiki ya tatu sasa. Namba yangu waliikuta kwenye daftari lako. Nilikuwa nachambua mchele. Mchele ule sikuupika. Sijui barua ya marehemu hupelekwa wapi, ndiyo maana hii naiandika wazi, asome anayetaka.

Ulipoingia nyumba hii kama mke wa mwanangu Shabani, ulikuja na begi moja la nguo na sanduku la mbao. Nikadhani ni vyombo. Kumbe ni mawe! Mawe matatu, kila moja mfano wa mche wa sabuni, urithi wa marehemu baba yako, seremala, ambaye naye alipewa na Mjapani aliyemfundisha kazi. Uliyafunga kwa kitambaa kama watoto wachanga. Nikawaambia majirani, "Mwanangu kaoa mtu anayeyavisha mawe nguo." Tukacheka sana. Ulikuwa ukumbini, ukasikia.

Kisha ukaanza kukaa barazani kwangu, mtaa mzima wa Kariakoo ukikuona, unanoa mikasi ya mafundi cherehani. Walikuja mbio kutoka Msimbazi, "Dada Ndeshi, mkasi unatafuna kitambaa, nihurumie!" Mimi nilijifunika ushungi kwa aibu. Mke wa mwanangu, mikono imejaa tope!

Jioni uliyaosha mawe yale tope mpaka maji yatoke meupe, ukayasimamisha kwa ubavu ukumbini, juu ya vipande vya mbao. Siku moja nikakuuliza kwa dhihaka, "Na leo yatakula nini?"

Wewe ukanijibu kwa moyo mmoja. "Hili la kahawia linakunywa maji, mama, mpaka liache kutoa mapovu. Hili jeupe ni la kunyunyizia tu, ukililoweka unaliua. Na yote hayataki jua. Yakikauka haraka yanapasuka. Yakae kivulini, yapate upepo pande zote."

Nilisikia, Ndeshi. Nataka ujue kwamba nilisikia.

Siku ulipopigiwa simu kwamba mama yako amefariki, uliondoka hapo hapo. Mawe uliyaacha ukumbini, bado mabichi. Kesho yake mimi nilikuwa na kisomo, wageni wanakuja, nikaona yananichafulia nyumba. Nikayatoa uani, nikayaanika sakafuni, jua la saa saba. Sitasema nilisahau. Maneno yako niliyakumbuka kabisa, nikasema moyoni, jiwe ni jiwe tu. Alasiri nilipoliinua lile jeupe, nusu ikabaki chini.

Ulirudi macho yamevimba kwa msiba. Hata pole sikukupa vizuri, nikatanguliza uongo. "Jiwe lako paka kaliangusha."

Ukazipokea zile nusu mbili. Ukapitisha kidole kwenye ufa, taratibu, kutoka mwanzo mpaka mwisho. Jiwe lililoanguka humeguka pembe. Hilo mimi nimekuja kulijua baadaye. Wewe ulilijua palepale. Ukasema, "Sawa, mama. Bora halikumuumiza paka."

Mwaka uliofuata Shabani akahamia Mbagala kwa mwanamke mwingine. Nikangoja ufungashe virago. Hukufungasha. Ukaendelea kukaa barazani, ukinolea nusu ya jiwe, na mikasi ile ile niliyoionea aibu ndiyo iliyotulisha, mimi na wewe. Miguu yangu ilipovimba ulinikanda kwa maji ya chumvi, huku unanisimulia habari za mgomba na baridi ya kwenu. Mara ngapi nilifungua kinywa nikuambie! Nikaishia kusema, "Maji yamepoa, mwanangu." Nikajipa kesho. Kesho nayo ikajipa kesho yake.

Kikohozi kilipokuzidi ukasema, "Naenda nyumbani nikapumzike, mama. Mawe nayaacha, mazito." Nilikusindikiza mpaka Mnazi Mmoja, ukanirudisha kwa ajili ya miguu yangu. Nilisimama nikakutazama mpaka watu wakakuficha. Kila nilipokupigia niliuliza unarudi lini, nawe ulijibu, "Nikipata nafuu." Sauti ikawa inapungua, simu baada ya simu.

Mawe nimeyatunza. Wakati wa masika yanaota ukungu, nayasugua kwa mswaki, nayasimamisha kwa ubavu kivulini, siku mbili, hata tatu. Siyafungi kwenye mfuko wa nailoni, yanatoka jasho. Zile nusu mbili nimezifunga pamoja ndani ya khanga yangu. Mafundi hupita, "Bibi, Dada Ndeshi karudi?" Siku zote niliwajibu uko njiani. Juzi mmoja kauliza tena, nikaingia ndani nikafunga mlango, nikamwacha amesimama na mkasi wake.

Jana nilishindwa kuvumilia, nikampigia kaka yako. Nikamwambia, "Mwanangu, lile jiwe jeupe nililipasua mimi. Nililianika juani kwa kiburi, kisha nikamdanganya."

"Jiwe gani, mama? Mbona hakutuambia habari ya jiwe kupasuka? Alisema tu mawe ya baba tusiyahangaikie, anayo mama yake, Kariakoo."

Nikaiweka simu chini.

Hukumwambia mtu, Ndeshi. Si Shabani, si ndugu zako, hata ulipokuwa umelala kitandani huna kingine cha kufanya ila kukumbuka waliokukosea. Ulinisitiri. Na juu ya hayo ukaniita mama yako, mbele ya watu wa kwenu, mimi nisiyekuwepo hata kukutilia udongo.

Ninakuomba msamaha, na najua hakuna wa kunijibu. Mungu akulaze pema, mtoto mpole.

Mama yako,
Kariakoo