Maziwa ya Udongo

Mdogo wangu mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi, na pole kwa shughuli za huko. Natumaini barua hii inawakuta wazima wewe na shemeji, na mtoto ambaye mpaka leo namjua kwa picha moja tu, ile aliyofumba macho. Mimi mwili ni mzima, ila mgongo unanisumbua kama ilivyo kawaida yetu tuliozeeka tumeinamia mabeseni. Kufua hospitali nimeshaacha, huu ni mwaka wa pili. Hilo nalo hulijui, na kosa ni langu, maana kadi zako zote mbili nilizipokea na sikuzijibu.

Kitinda, kama umesimama, kaa kwanza. Mama hatunaye. Alifariki Jumatano ya wiki iliyopita, saa sita mchana, na Ijumaa tukamzika. Homa ya mapafu ndiyo iliyomchukua, baada ya wiki nzima ya mvua. Alilala hospitali siku tatu, na hakuhangaika sana.

Najua utauliza kwa nini unaambiwa habari ya mama yako kwa barua, siku kumi baada ya kufa. Una haki ya kuuliza. Nakuomba tu usiichane karatasi hii kabla hujafika mwisho, kwa sababu jibu liko huko. Nikilitanguliza utadhani nilikuwa mbaya tangu mwanzo, na ukweli ni kwamba nilianza vizuri.

Mama alianza kupotea kidogo kidogo. Alitia sabuni ya unga kwenye kopo la sukari, akatukaribisha chai, tukainywa kwa heshima. Alivaa viatu viwili vya kushoto. Halafu siku moja Babu Moshi, mchoma tanuri wetu yule yule, alinifuata kazini na kofia mkononi. Alisema amemkuta mama kituo cha basi amevaa aproni ya kazi, anamsubiri baba. Baba, aliyekufa mimi na wewe tukiwa bado shule. Wiki hiyo niliaga kazini, nikahamia kwenye chumba chetu cha nyuma, kile chenye dirisha linalotazama tanuri.

Miezi ya mwanzo alinichukulia kama mgeni. Alinikaribisha kiti, akaniuliza basi langu linaondoka saa ngapi. Nilipika, nikamwogesha, nikamchana nywele, na kila jioni alinishukuru kwa adabu kama mtu anayemshukuru muuguzi. Sikulalamika. Unajua mimi na mama hatukuwahi kuwa watu wa kukumbatiana. Karakana ya ufinyanzi ilikuwa yenu nyinyi wawili. Mimi nikigusa hata kikombe kibichi, alikuwa akiniambia mikono yangu ni ya kufua, ina haraka.

Asubuhi moja nilisikia mtu anaponda kitu karakanani. Nikamkuta amekaa kwenye kigoda, anaponda mabonge makavu ya udongo mwekundu, na mkono wake unapiga sawasawa kana kwamba hajaugua hata siku moja. Akainua macho, akaniambia, "Kitinda, umechelewa. Lete chekeche."

Nilisimama pale mlangoni. Nilitaka kumwambia kuwa mimi ni Mkubwa. Kisha nikaenda nikaleta chekeche.

Wewe unaijua kazi ile kuliko mimi, lakini niache nikueleze kama nilivyofundishwa, maana nataka ujue kwamba alifundisha bila kukosea. Ni yale mambo ambayo mwalimu wa chuo cha sanaa, aliyekuja na wanafunzi wake, aliyaita terra sigillata, na mama akamjibu kuwa ayaite jina analotaka, mradi asiliguse pipa. Kwake yalikuwa maziwa tu, maji ya udongo laini ya kupaka vyombo ving'ae. Tuliuchekecha udongo mpaka ukawa laini kama unga, tukautia kwenye pipa la maji ya mvua. Magadi aliyayeyusha pembeni, kidogo sana, kisha akayamimina huku anakoroga. Nilimuuliza ya nini, akanitazama kwa mshangao kwamba nimesahau. Akasema magadi yanaugombanisha udongo, kila punje inataka kukaa peke yake, nzito zinazama na nyepesi zinabaki zinaelea.

Kisha tukaliacha pipa siku mbili. Hata mlango tuliufunga kwa kuushikilia usije ukagonga, pipa likatikisika. Na mama, ambaye jikoni hakuweza kungoja maji yachemke, alikaa siku mbili akilichungulia pipa kwa mbali kama mtu anayeangalia mtoto aliyelala.

Siku ya tatu alinipa ule mpira mwembamba wa kuvutia maziwa. Alinionyesha jinsi ya kuushusha taratibu, nipite maji meupe ya juu, nisifike kwenye mashapo ya chini, nichukue yale ya katikati peke yake. Nilivuta kwa mdomo nikameza udongo. Mama alicheka mpaka akakohoa, akaniambia, "Miaka yote hii bado unakunywa?" Hebu fikiria, Kitinda. Nina miaka arobaini na minane, na hiyo ndiyo mara ya kwanza kumchekesha mama yangu.

Tulikuwa na vibakuli vya zamani, vikavu, ambavyo havikuwahi kuchomwa. Alinifundisha kuvishika kwa kitambaa ili mafuta ya vidole yasiache alama. Aliweka mkono wake juu ya mkono wangu, akaiongoza brashi upande mmoja bila kurudi nyuma, mpako wa kwanza, wa pili, wa tatu, na kibakuli kikanywa yale maziwa papo hapo. Halafu kitambaa laini. Ukisugua mapema yanabandukia kitambaani, ukichelewa huambulii kitu. Kuna dakika chache tu katikati. Yeye alizijua kwa kusogeza kibakuli karibu na shavu lake. Nilisugua, na ule wekundu mkavu ukaanza kung'aa polepole chini ya kidole changu, bila rangi wala mafuta. Mama akasema, "Hapo sawa, mwanangu." Kwa sauti ambayo nilikuwa nikiisikia kupitia ukutani tu, mlipokuwa mkifanya kazi wawili.

Basi ikawa hivyo. Kila asubuhi aliamka akaniita Kitinda, nami nikaitika. Siku moja nilijikaza nikamuuliza, na Mkubwa je, yuko wapi siku hizi? Akafikiri kidogo. Akasema, "Mkubwa? Huja Jumapili. Ananiletea sabuni. Ni mtoto mzuri yule, ila huwa sijui cha kumwambia." Nilisugua kibakuli nilichokuwa nimeshika mpaka nikakitoboa ukingo.

Babu Moshi alituchomea tanuri mara tatu, kwa moto mdogo kama anavyojua mwenyewe, maana moto ukizidi mng'ao unakufa. Vyombo kumi na saba vilitoka vizima. Alikuwa akivipanga juani, bila kuniangalia, akaniambia, "Mama yenu anamwita mwenzio kila siku, na wewe ndiye unayeitika. Mwandikie aje." Nikamjibu kuwa nitaandika. Aliniuliza tena wiki iliyofuata, na nyingine. Baadaye akaacha kuuliza.

Sasa nije kwenye lile ambalo ni lako.

Unaikumbuka siku ya mitungi ya hoteli kuliko mtu yeyote. Nilikuwepo, nilikuja kusaidia kubeba. Mitungi arobaini waliyotuagiza, na kila mmoja ulitoka tanurini umebambuka kama ngozi iliyoungua jua. Nilimsikia mama, mbele ya yule mtu wa hoteli na Babu Moshi na majirani, akisema kuwa wewe ndiye uliyelitikisa pipa, kwamba mikono yako imelewa sifa na hataki tena ikaribie udongo wake. Nilikusikia ukisema kwamba asubuhi ya kupaka ulimwambia maziwa leo ni mazito, na yeye akakuambia endelea. Akasema hakukuambia neno kama hilo. Kesho yake ukaondoka na begi moja, na sasa ni miaka sita.

Mwezi mmoja hivi kabla hajafa, tulikuwa tumekaa karakanani tunangoja pipa litulie. Alikuwa na kitambaa mapajani anakikunja na kukikunjua. Akasema, taratibu tu, "Kitinda, lile pipa la hoteli nililikoroga mimi."

Akaendelea. Alisema aliamka mapema siku ya kupaka, akaliona pipa, akasahau kabisa kwamba limeshakaa siku mbili. Alidhani bado halijatiwa magadi. Akatia tena, akakoroga mpaka chini, akaenda kunywa chai. Hakukumbuka mpaka jioni ile mitungi ilipotoka tanurini, wewe umeshaumbuliwa, alipoukuta mwiko mkubwa bado haujaoshwa, umegandwa na udongo mpaka kwenye mpini. Akajua ni mkono wake. Akauosha, akautundika.

Nilimuuliza kwa nini hakusema. Akanijibu kwa maneno haya, nayaandika kama yalivyo: "Niliogopa. Ningekubali kwamba nimesahau hilo, watu wangeuliza nimesahau nini kingine. Na nilikuwa nimeshaanza kusahau, mwanangu. Nikaona heri nikupoteze wewe kuliko nijipoteze mimi. Sasa nimepoteza vyote viwili."

Halafu akanishika mkono, akaniuliza, "Umenisamehe?"

Pale ndipo nilipopaswa kusimama, Kitinda. Nilipaswa kusema kuwa mimi siye, kwamba ngoja nimwite mwenyewe aje ajibu. Nilimwangalia usoni, nikamwambia, "Nimekusamehe, mama. Yamekwisha."

Aliomba chai akainywa yote. Na tangu siku ile hakuingia tena karakanani. Asubuhi yake nilikwenda kumwamsha nikangoja aniite, hakuniita. Hakuniita Kitinda, wala Mkubwa, wala mgeni. Alitazama dirishani tu. Hata hospitali, siku ya mwisho, muuguzi alipomuuliza huyu aliyekushika mkono ni nani, hakujibu kitu.

Kutoka siku ile hadi siku ya kufa zilipita wiki nne. Basi la kutoka kwako huchukua siku mbili. Anwani yako ninayo nyuma ya kadi, na kalamu nilikuwa nayo. Nimekuwa nikijiambia kwamba nilikuwa nimechoka, kwamba huenda usingekuja, kwamba ungemtia mama wasiwasi. Yote uongo. Sikukuita kwa sababu ungeingia mlangoni pale na mama angekuona, na mimi ningerudi kuwa yule wa sabuni za Jumapili. Nilikuwa nimepata mama kwa miezi mitano, kwa jina lako, na sikutaka kumrudisha. Hata alipoacha kuniita, niliendelea kungoja aanze tena. Nilimngoja mpaka akakata roho, na wewe huna habari.

Sikuombi msamaha. Nimeshaona jinsi neno lile linavyoweza kutumika vibaya. Nilitaka tu ujue mambo mawili: pipa hukulitikisa wewe, na mama alilijua hilo miaka yote sita. Babu Moshi nimemweleza. Majirani waliosikia siku ile nimepita kwao mlango kwa mlango nikawaambia, wale waliobaki. Yule wa duka la rangi alilia. Mtu wa hoteli ameshahama, sijui alikokwenda.

Na kuna hili. Ule msamaha niliutoa mimi, na haukuwa mali yangu. Kama kweli umemsamehe, sawa, utakuwa umefika tu kabla ya wakati wake. Kama hujamsamehe, au huwezi, usijilazimishe kwa sababu ya kiherehere changu. Niandikie hata mstari mmoja useme hapana. Nitakwenda kaburini kwa miguu yangu, nimwambie kuwa aliyemjibu siku ile ni mimi.

Shemeji mfikishie salamu na pole ya msiba wa mama mkwe ambaye hakuwahi kumwona. Mtoto mbusu, mwambie ana mama mkubwa ambaye hajafanya vizuri. Babu Moshi anakusalimu sana, ameniomba nisisahau kuliandika hilo. Mungu awalinde wote.

Ni mimi dada yako,

Mkubwa