Programu Iliyofuta Vigelegele

Dada Mwende,

Natangaza rasmi, mbele ya jamaa na majirani wote: chapati za hapa Kaloleni zimenishinda, nimebakisha kipande.

Jana niliwapigia akina mama wa kwaya, hapa ukumbini, wimbo wao wa harusi kama ulivyoandikwa na programu yangu ya kunukuu muziki. Kumbe ilifuta vigelegele vyote ikidhani ni kelele. Mama Mutua, kiongozi wao, akaangua kicheko: “Wee kijana, harusi yetu umeigeuza matanga! Virudishe, ama hatukuimbii tena.”

Bila wao utafiti wangu wa nyimbo haupo. Leo nimeshinda nikiirekebisha, na sibanduki mpaka ikubali. Wakumbatie watoto, uwaambie mjomba wao Kioko amewakumbuka.

Sasa programu inaandika vigelegele vyote. Imefuta wimbo.