Nta kutoka Sikonge

Jumanne jioni



Leo mchana nilikwenda kumpokea mama mkwe kwenye lori la Sikonge. Nikampakia kwenye keria ya baiskeli. Kwetu mkwe haguswi, kwa hiyo alishika chuma cha tandiko, nami nikakaa wima kama mlingoti.

Kwenye mteremko wa kuingia Kanyenye ng'ombe wakakatiza barabara. Nikabana breki, ya mbele na ya nyuma. Vishikio vikaja mpaka kwenye usukani, na baiskeli ikazidi kukimbia.

Mama akanikumbatia kiunoni kwa mikono yote miwili. Mama yake Veronika, mke wangu, mbele ya watu wa sokoni. Tukaishia kichakani, wazima, kisha tukatembea hadi nyumbani, mimi nikikokota baiskeli. Mpaka sasa siamini.

Kosa ni langu. Juzi nilitia waya mpya za breki, nikazipaka nta zisishike kutu, kama baba alivyokuwa akipaka uzi wa upinde. Nilipaka hata pale nati inapobana, ndiyo maana zilichomoka. Tulipofika nilizisugua kwa mafuta ya taa, nikazikausha, nikakaza nati upya. Sasa zinashika.

Hivi punde mama ameniita kutoka nyuma ya pazia, kwa upole kabisa.

"Baba, ile nta niliyokutumia mwezi uliopita, imekufaa?"

Veronika alikuwa ananitazama.

"Imenifaa sana, mama," nikasema.