Upande wa Pili wa Shuka

4 Februari

Kwa Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limepunguza maumivu na wote hapo nyumbani hawajambo. Sisi wazima. Mama anakusalimu, anasema umemsusa.

Nimepewa ukaimu wa chumba cha kufulia hapa hospitalini. Usicheke. Mashuka yanachelewa kufika wodini, na juzi mgonjwa alilazwa kwenye godoro tupu. Katibu wa hospitali akaniita: "Hali isipobadilika kabla ya katikati ya mwaka, kazi naipeleka kampuni ya nje, na hao akina mama wako utawaaga." Wengi wao wamezeekea humu, Mjomba. Hawana pengine pa kwenda.

Wewe umefundisha uongozi chuoni mpaka nywele zikakuishia. Niambie, mtu anatiwaje ari ya kazi?

Mpwa wako


13 Februari

Mpwa wangu,

Marahaba. Goti ni lile lile, tumeshazoeana. Nywele ziache, ziliondoka kwa hiari yao. Mwambie mama yako sijamsusa, ni uvivu wa kuandika.

Swali lako ni fupi, nami unanijua, majibu yangu huwa si mafupi. Wapo wataalamu walioamini kwamba binadamu kwa asili ni mvivu, na dawa yake ni kumsimamia na kumtisha. Wengine wakasema hapana, kazi kwa binadamu ni jambo la asili kama mchezo, ukimwamini atajituma. Katibu wenu ni wa kundi la kwanza. Hilo halihitaji shahada kulijua.

Lakini fundisho litakalokufaa zaidi ni jingine. Linasema yapo mambo yanayoondoa kinyongo na yapo yanayoleta ari, nayo si mamoja. Glovu zisizovuja, feni inayozunguka, mshahara unaofika kwa wakati: vikikosekana watu hununa, vikiwepo hawanuni, basi. Hakuna atakayejituma kwa sababu ya feni. Mtu hujituma akiona kazi yake ina maana, akithaminiwa, akipewa dhamana. Anza basi na kinyongo, kisha uende kwenye ari. Na kabla ya yote mawili, kaa nao. Tazama nani anafanya nini, na anafanya na nani. Usibadilishe kitu ambacho hujakielewa.

Mjomba wako


20 Machi

Kwa Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Hatujambo sana, nami nina habari njema.

Kukaa na kutazama sikupata muda, unisamehe. Katibu hakunipa nafasi ya kupumua. Lakini glovu nimenunua, na suala la kuthaminiwa nimelileta: nimetundika ubao mlangoni. Hapa mashuka yalikuwa yakikunjwa na watu wawili wawili, huyu kashika ncha hizi, yule zile, na midomo haifungwi. Nikampa kila mmoja meza yake na hesabu yake. Jioni aliyekunja mengi jina lake linakaa juu. Malkia ni mmoja tunayemwita Chapuchapu, jina linajieleza. Mashuka yanafika wodini mapema! Katibu amenipa mkono, anataka kuleta wageni waone ubao.

Anayenitia wasiwasi ni mmoja tu, Mama Mikunjo, mkongwe wa chumba, aliyekuwa akikunja na Chapuchapu. Jina lake haliondoki chini. Wenzake wanamtania: "Mama, unalikunja hilo shuka au unapiga nalo soga?"

Mpwa wako


29 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Tu wazima. Barua yako ilinifurahisha mpaka nilipofika kwa Mama Mikunjo.

Nivumilie nieleze. Kumthamini mtu ni jambo moja, kumshindanisha ni jambo jingine. Ubao unaomweka mmoja juu unamweka mwingine chini, tena mbele ya wote, kila jioni. Wapo watafiti waliokwenda kiwandani kupima kama taa kali huongeza kazi. Walirudi wakizungumzia watu; waliona mfanyakazi anawafuata wenzake kuliko anavyoifuata taa. Wewe umewatenganisha watu waliozoeana bila kujua walikuwa wanapeana nini.

Mkongwe wa chumba hawi wa mwisho ghafla bila sababu. Muulize, faraghani, kwa heshima. Nijibu upesi.

Mjomba wako


17 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Samahani kwa ukimya. Salamu nyingine leo sina.

Sikumuuliza. Nilijiambia nitamuuliza wageni wa Katibu wakishaondoka. Wakaja. Mmoja akausoma ubao kwa sauti, kutoka juu hadi chini, kisha akasema kwa utani, "Na huyu wa mwisho ndiye yupi?" Nilimwonyesha, Mjomba. Kwa kidole. Kesho yake Mama Mikunjo hakuja, wala keshokutwa yake.

Chapuchapu ndiye aliyenieleza, macho yake yako sakafuni. Mama Mikunjo haoni vizuri, na si jambo la jana. Walipokuwa wakikunja pamoja, Chapuchapu alilivuta shuka kidogo upande wake, na kwa mvuto ule mwenzake akajua pindo liko wapi. Hawakuwahi kulizungumza, hata wao wawili. "Mbona hukuniambia?" nikamuuliza. "Jina langu lilikuwa juu," akasema. "Nililipenda."

Sasa hakuna anayetaka kuwa juu. Kila mmoja anakunja kiasi cha kutofukuzwa, kisha anakaa. Soga zimekwisha. Leo wodi ya wazazi imekosa mashuka.

Nilikwenda kwa Mama Mikunjo. Hakunikaribisha ndani. "Umenivua nguo mbele za watu, mwanangu," akasema. "Umekuja kutazama nini tena?"

Nikiuondoa ubao, Katibu atasema nimeshindwa, na kazi itakwenda nje. Nifanyeje?

Mpwa wako


24 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba. Pole, na pole zaidi mfikishie Mama Mikunjo, siku atakapoipokea.

Tumeandikiana habari za ari kana kwamba ni kitu ambacho msimamizi anafika nacho na kugawa. Akina mama hao walikuwa nayo kabla hujaingia. Ilikuwa kati ya watu wawili walioshika shuka moja, na kwa kuwa haikuandikwa popote, hukuiona.

Ubao uondoe mwenyewe, mchana, wote wakiwepo. Usimtume mtu. Warudishe wawili wawili, kila mtu na aliyemzoea. Katibu mwambie kwamba kuanzia sasa chumba kizima kitakuwa na hesabu moja. Huenda akakuondoa, hilo nalo ulijue kabla ya kuingia ofisini kwake.

Kisha nenda tena kwa Mama Mikunjo, na uende na Chapuchapu. Usiombe msamaha ili mashuka yafike wodini. Uombe kwa sababu umemkosea. Anaweza asirudi, wala hadaiwi kurudi.

Mjomba wako


2 Julai

Kwa Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Mama hajambo, goti lako analiulizia.

Ubao nimeuondoa. Misumari iligoma, nikahangaika nayo mbele yao, na hakuna aliyeinuka kunisaidia. Katibu aliniuliza kama nimechoka kazi. Nikamweleza, nikarudia. Amekubali shingo upande: kampuni ya nje haiji mwaka huu, ila mimi sithibitishwi. Anatafutwa mwingine wa kushika nafasi hii.

Tulikwenda na Chapuchapu. Mama Mikunjo alikuwa uani, anaanua nguo. Nilisema yangu yote. Aliendelea kuanua. Chapuchapu alivuta shuka kutoka kwenye kamba, akashika ncha mbili, akasimama kanyoosha mikono. Alisimama hivyo mpaka nikaona haya kwa niaba yake. Kisha Mama Mikunjo akapapasa hewani, akazipata ncha za upande wa pili. Wakalikunja hilo, wakakunja jingine. Mimi nilishika kikapu.

Tulipoaga, akasema, "Kesho nakuja. Kwa ajili ya huyu kichaa. Siji kwa ajili yako."

Amerudi. Wanakunja pamoja, na mashuka yanafika, si mapema kama siku za ubao, lakini yanafika. Soga nazo zimerudi, ila hukatika nikiingia.

Kila asubuhi nampa Mama Mikunjo shikamoo. Ananipita kama hajasikia, na masikio yake hayana tatizo lolote. Kesho nitampa tena.

Mpwa wako